Bi Zaitun, Fundi Aliyepima Homa ya Simu kwa Shavu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Zaitun Abdalah atafunika meza yake kwa kile kitambaa cha maua, na safari hii hataifunua tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mbili ya ufundi hapa stendi ya zamani, Kibiti. Hiyo ni hesabu yake mwenyewe. Sisi majirani zake wa kibanda tunaona ni zaidi, maana mdomo wake peke yake umefanya kazi ya mafundi wawili.

Viongozi wa Umoja wetu wa Mafundi walitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye elimu yake. Wenye elimu wote wakaogopa. Nikapewa mimi, Fikirini, fundi baiskeli niliyeishia darasa la nne, kwa sababu moja tu: mimi Mndengereko, yeye Mmatumbi, ni mtani wangu. Nikimsema hawezi kunishtaki popote, na akinuna atanuna mpaka achoke.

Bi Zaitun alizaliwa Mbwara, akaletwa Ikwiriri angali binti mdogo kukaa kwa mjomba wake, fundi redio. Mjomba alimpa ufagio. Siku moja mjomba yuko msikitini, akaja mteja na redio iliyonyamaza. Zaitun akaifungua kwa ncha ya kisu cha kukatia vitunguu, akatoa mende mkavu na waya uliokatika, akauunga. Mjomba aliporudi, redio inasoma taarifa ya habari. Tangu siku ile, aliyefagia kibanda ni mjomba.

Alipohamia Kibiti alikuja na dawati la shule lililokatwa miguu, sijui alilitoa wapi na sikuuliza, na kibao alichokiandika kwa rangi iliyobaki kwenye kupaka mlango: FUNDI ZAITUN. REDIO, PASI, TOCHI. STORI HAPANA. Hilo la stori ni uongo mtupu. Watu wa delta ya Rufiji walikuwa wakishuka na redio zilizolala majini, wanaondoka na habari za Kibiti nzima.

Simu za mkononi zilipoingia, mafundi redio wengi walihamia kwenye kuuza nazi. Yeye alinunua simu mbovu moja, akaifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga, mpaka simu yenyewe ikachoka ikaanza kufanya kazi. Wateja walioambiwa na majirani kwamba simu ikitumbukia mtoni izikwe kwenye mchele, aliwatimua. "Mchele nenda kapike, simu niachie mimi. Umekula leo wewe?" Na wengi, kwa kweli, walikuwa hawajala, na chungu chake kilikuwa nyuma ya kibanda.

Halafu zikaja simu hizi za kupangusa kwa kidole, na maradhi yake. Bi Zaitun hakupenda kusema virusi. Aliita wageni wasiopiga hodi. Alikuwa na namna yake ya kupokea mgonjwa: kabla hajauliza kitu, anaichukua simu, anaibandika shavuni, anafumba macho, kama mama anayempima mtoto homa. Fundi Twalibu, kijana wetu wa meza ya pili, alimcheka sana kwa hilo. Siku hizi Twalibu naye anabandika shavuni, ila anaangalia kwanza kama kuna mtu anamwona.

Sasa nifike kwenye habari ya Kijakazi, kwa kuwa bila hiyo wasifu huu ni maneno ya kujaza karatasi. Wahusika wameniruhusu. Mmoja ameniambia kabisa nisipoiandika, siku ya kumuaga Bi Zaitun atainyakua spika aisimulie mwenyewe.

Kijakazi wa Dimani alifiwa na mumewe, marehemu Yassin, mpakiaji mizigo wa Nyamisati. Yassin hakujua kuandika, na hakuwa na haya kwa hilo. Kila alipokuwa safarini alimrekodia mkewe sauti. Si maneno makubwa. "Kijakazi, boti haijatoka, maji yamekupwa. Kula, usinisubiri. Ila kitoweo usimalize, nakujua." Mambo ya namna hiyo, miaka na miaka. Alipozikwa, sauti zile zikabaki kwenye simu ya mkewe, na mke yuko ndani anakaa eda, nguo nyeupe, hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu wake. Mchana anashona ukili wa mikeka. Alasiri anamsikiliza Yassin akimkataza kumaliza kitoweo.

Simu ikajaa. Ikamwambia haina nafasi, afute. Afute nini? Wifi yake, Mwanaidi, dada wa marehemu, alikuwa ametoka Nyamisati, alikokuwa akisubiri boti ya Mafia, na mnajua pale gatini watu wakisubiri maji yajae kazi yao ni kurushiana: kaswida, mawaidha, video za harusi za watu wasiowajua. Mwanaidi alikuwa amerushiwa programu ya kuongeza nafasi kwenye simu. Akamrushia wifi yake kwa moyo safi. Kijakazi akaifungua. Ikamuuliza inaruhusiwa kufanya hiki, inaruhusiwa kufanya kile. Akakubali kila kitu, kama anavyokubali mtu aliyefiwa akiulizwa chai au uji.

Nafasi haikuongezeka hata chembe. Simu ikaanza kuwaka moto. Matangazo ya dawa za nywele yakawa yanamrukia katikati ya sauti ya marehemu. Na mbaya kuliko yote, simu ikaanza kutuma ujumbe yenyewe, kwa kila jina lililomo: "Mpenzi, nimekuwekea zawadi, bofya hapa uione." Ukamfikia muuza samaki. Ukamfikia mwalimu wa madrasa. Ukamfikia fundi mwashi mmoja mgane, jina namfichia, ambaye jioni ile alionekana ananyoosha kanzu kwa pasi ya mkaa.

Mjane yuko edani, anaita wanaume mpenzi! Dimani ilichemka. Ndugu wa marehemu wakakaa kikao, na aliyesema kwa ukali kuliko wote ni Mwanaidi huyo huyo. Neno lao likawa moja: simu ichukuliwe, ifutwe yote, wakimaliza wamnunulie ya tochi. Kijakazi akajibu kwamba hajamwandikia mtu yeyote, hakuaminiwa. Akaomba aachiwe simu mpaka Ijumaa, atafute fundi. Wakampa mpaka Ijumaa.

Simu ikaletwa hapa stendi na mama mkwe. Twalibu akaishika, akasema dawa yake ni kuipiga flashi, irudi kama ilivyotoka kiwandani.

"Na Yassin naye atarudi kama alivyotoka kiwandani?" Bi Zaitun akamuuliza. Mama mkwe alikuwa amemsimulia habari za zile sauti. Twalibu akamsogezea simu.

Bi Zaitun akaibandika shavuni. "Ina homa hii. Lakini mgonjwa siwezi kumtibu mwenyewe hayupo. Nani anajua kilichoingia?" Hapo mafundi wanaume wote tukawa mizigo, kwani nani kati yetu angebisha hodi kwa mwanamke aliye edani? Mtani wangu akafunika meza na wateja wamejipanga, akatia bisibisi zake kwenye mkoba wa mkeka, akapanda bodaboda kwenda Dimani, upande, ameshikilia miwani yake yote miwili, ya kuonea mbali na ya kuonea skrubu.

Aliyoyafanya kule nimeyapata kwa Kijakazi. Kwanza hakugusa simu. Alikaa naye mkekani akamwambia, "Nisikilizishe sauti moja." Akasikiliza habari ya kitoweo mpaka mwisho, akacheka mpaka akatoa machozi, akasema, "Huyu mume alikujua." Kijakazi anasema ndiyo mara ya kwanza mtu kucheka ndani ya chumba kile.

Kisha akaizima simu, akaiwasha kwa kubana vitufe mpaka kwenye kona pakaandikwa hali salama. Simu ikiamka hivyo huamka na vitu ilivyozaliwa navyo tu. Vyote vilivyokuja baadaye vinalala. Wakakaa wanaisubiri wakimenya mihogo. Simu ikapoa. "Umeona?" akasema. "Simu yako nzima, mwanangu. Aliyekuwa na homa ni mgeni."

Akazihamisha kwanza sauti za Yassin, sauti peke yake, kwenye kadi mpya. Akaingia kwenye mipangilio kumtafuta mgeni. Hana picha mbele kama programu nyingine, amejificha. Akamkuta. Akamwambia simu imtoe, simu ikakataa, kumbe siku ile ya kukubali kila kitu mgeni alipewa usimamizi wa simu, na msimamizi hatolewi. Bi Zaitun akamvua kwanza usimamizi, akamfukuza baadaye, akafuta na lile faili alilojia, akairudisha simu kwenye hali yake ya kawaida. Ikakaa baridi kama mtungi. Akabadilisha na namba ya siri, akarudi Kibiti anajisifu njia nzima. Bodaboda anasema alitamani barabara iishe.

Alhamisi simu ikawaka tena. Mpenzi, zawadi, bofya hapa.

Naomba msomaji aelewe: kesho yake ni Ijumaa. Bi Zaitun hakutaka hata chai. Akarudi Dimani, akaifungua simu, akatazama mgeni amepita mlango gani. Na simu haifichi mtu: faili limepokewa leo asubuhi, limetoka kwa Wifi Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa ameona simu inalia tena haina nafasi, akamhurumia wifi yake anayemsema, akamrushia ile dawa mara ya pili, na safari hii akamfungulia yeye mwenyewe. Simu yake mwenyewe ilikuwa ikichemka kifuani siku zote hizo, akidhani ni joto la msimu.

Mwanaidi alikuwa pale pale uani, anachambua mchele.

Basi mnamjua mtani wangu. Mtu huyu alimtangaza mteja kwa spika ya gari la matangazo kisa amesahau betri lake. Mtu huyu hajawahi kushikilia neno mdomoni kuanzia sala ya asubuhi mpaka ya adhuhuri. Kaletewa mshitaki aliyejishitaki, mkavu, na ushahidi uko kwenye kioo. Mimi ningepanda juu ya kichuguu nitangaze.

Bi Zaitun akaifunga skrini. Akatoka uani. "Mwanaidi mwanangu, hebu na yako niipime." Akaibandika shavuni. "Na wewe imekuingia. Hizi simu zinaambukizana, za Nyamisati zote ndivyo zilivyo wiki hii. Leta niisafishe, msiniulize ilianzia kwa nani, mimi fundi si polisi." Akazisafisha zote mbili pamoja mkekani, mawifi wawili wamemkalia huku na huku. Akawafundisha kwamba kitu cha kurushiwa ni kama chakula cha njiani, ujue mpishi kwanza. Halafu akarekodi sauti kwenye kundi la kina mama wa madrasa: ujumbe ule ni maradhi ya simu, Kijakazi hakuuandika wala hana haja nao, msibofye, na aliyenyoosha kanzu aikunje.

Ijumaa kikao kilikaa. Simu ikawekwa katikati ya mkeka, baridi. Mama mkwe akaibonyeza. Yassin akasema, "Kijakazi, mwambie mama kesho nakuja na pweza." Hapakuwa na la kujadili tena.

Hatukujua lolote la Mwanaidi sisi. Miezi ikapita. Siku Kijakazi alipotoka eda, wanawake wamejaa uani, Mwanaidi akasimama akasema mwenyewe: homa ile ilitoka kwangu, na fundi aliijua akaninyamazia. Kijakazi akajibu kwamba naye aliijua, aliona jina kabla ya Bi Zaitun hajafunga skrini, ndipo akajua ile dawa ya wifi ndiyo maradhi yenyewe. Mawifi wakashikana wakalia. Bi Zaitun akasema wakimaliza kulia wapakue pilau, inapoa.

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini siku ile alinyamaza. Alinijibu mara moja tu, na hakunitukana, nikaogopa. Alisema kule ndani mlikuwa na watu wawili wanaomlilia mtu mmoja, kila mmoja kivyake, na yeye hakwenda kutoa watu, alikwenda kutoa programu.

Sasa macho yamegoma. Skrubu za simu za siku hizi ni ndogo kuliko chawa, na hata miwani mitatu haitoshi. Twalibu anarithi meza. Kibao kinabaki, na uongo wake.

Bi Zaitun, unarudi Mbwara kulima ufuta na kugombana na nguruwe. Kwa kuwa huoni tena kusoma, hatukukuandikia kadi. Twalibu amekununulia simu ya vitufe vikubwa, na ndani yake kila mwanachama wa Umoja amekuwekea sauti yake. Kijakazi yumo. Mwanaidi yumo. Mimi nimo, na niliyoyasema hayafai kuchapwa hapa. Siku simu ikikwambia nafasi imejaa, futa picha za mbuzi, sisi utuache.

Asante kwa chungu cha nyuma ya kibanda, na kwa siku moja uliyonyamaza. Nenda salama, mtani. Mungu akupe mvua ya wakati na jirani wa kumsema. Na kula, usitusubiri. Ila kitoweo usimalize, tunakuja.