Mstari Ule Aliuandika Nani?

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kushona, kati ya mlango na nguzo ya umeme. Lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Saa mbili asubuhi Bi Birika anatua jiko lake, anapanga vikombe, na kabla kahawa haijachemka Masjala keshafika. Masjala ni karani mstaafu. Alikaa miaka thelathini na moja katika chumba cha mafaili cha ofisi ya serikali, na mpaka leo hawezi kuona karatasi imelala peke yake asiitafutie jalada. Akishaketi yeye anakuja Hamahama, dereva wa lori la kuhamisha vyombo vya watu, ambaye sauti yake hutangulia kufika. Mimi nakaa upande wa mlangoni na vifungo vyangu, ili wateja wanaopita waone kuwa nafanya kazi. Asubuhi ninayoisimulia alikuja pia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kijiwe kizima kinamwita Shemeji, kana kwamba sote tumemwoa dada yake, jambo ambalo dada mwenyewe halifurahii. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu asimamishwe kazi, na siku hiyo alifika na laptopu kwapani, hajachana nywele, hata salamu hakutoa.

— Nimejua mstari umetoka wapi, akasema.

— Mstari gani? akauliza Bi Birika. Ile siku mlipohadithiana mimi nilikuwa na wateja, yote yalinipita. Keti, anza mwanzo.

Shemeji akaketi. Benchi likalia, likanyamaza.

— Ofisini kwetu tunatengeneza programu ya zahanati, akasema. Muuguzi anaandika uzito wa mgonjwa, programu inamwambia ampe dawa ya maji kiasi gani. Sasa ndani kuna mstari mmoja unaoondoa nusu nusu. Kipimo kikitoka nne na nusu, wenyewe unasema tano.

— Si vizuri? akasema Hamahama. Nani apime nusu?

— Kwa mtu mzima haina neno. Lakini mstari huo umo pia kwenye faili la watoto. Kichanga kipimo chake kikitoka nusu, unasema moja.

Bi Birika akashusha birika.

— Hiyo ni mara mbili!

— Ndiyo, mama. Mara mbili. Bahati daktari wa zamu alishtuka, akakataa kutoa. Hakuna aliyedhurika. Malalamiko yakaja ofisini, Mkurugenzi akauliza, mstari huu aliuandika nani?

— Na wewe ukakaa kimya, akasema Masjala.

— Sikuulizwa mimi, mzee. Iliulizwa programu. Tunayo programu nyingine inayotunza kumbukumbu za kazi yetu, kila mstari nani aliuandika na siku gani. Wakaiuliza. Ikajibu kwamba faili lote la watoto, mistari mia nne na kumi, niliandika mimi, Jumatano moja, saa tano asubuhi.

— Mia nne kwa saa moja! Hamahama akapiga paja. Na kwako nyumbani kitasa kimekushinda mwaka mzima.

— Sikuandika! Nilibadilisha jina la faili. Basi. Na kwa kuwa lilikuwa limevurugika nikalipanga upya kidogo, cha chini nikakiweka juu, mistari mirefu nikaikata.

— Sasa hapo ndipo sielewi, akasema Masjala, na mtu aliyemjua angeona anavyojiweka sawa kama hakimu. Faili likibadilishwa namba katika masjala, pale lilipokuwa unaacha kikaratasi. "Limehamia namba fulani." Kikaratasi chako kiko wapi?

— Hakuna kikaratasi. Waliotengeneza ile programu waliona watu huwa wanasahau kukiacha, au wanadanganya. Kwa hiyo haiandiki mahali popote kwamba faili limebadilishwa jina. Inaona moja limetoweka, jingine limetokea, inayalinganisha. Yakifanana zaidi ya nusu, inasema aha, ni lile lile. Yasipofanana kiasi hicho, inasema la zamani limekufa, hili limezaliwa leo, na baba yake ni yule aliyelileta.

— Inakisia? akauliza Masjala.

— Inakisia.

— Masjala inayokisia! Mzee alisimama kabisa, akageuka kututazama mmoja mmoja tushuhudie. Miaka thelathini na moja sijawahi kukisia!

— Kaa, mzee, kahawa itapoa, akasema Bi Birika.

Hamahama ndiye aliyelielewa jambo haraka kuliko sisi, sifa hiyo nampa.

— Ni kama mimi, akasema. Nabeba kabati la mtu kutoka mtaa huu mpaka ule. Majirani wapya wananiona naliingiza. Kesho mlango wa kabati ukimwangukia mtoto, wananifuata mimi, eti ndiye seremala.

— Hasa! akasema Shemeji. Hasa hivyo, kaka.

— Basi hapo kuna mkono wa mtu. Nani alikuagiza ubadilishe jina?

— Mkurugenzi.

— Basi! Umekwisha. Alijua lina ubovu, akatafuta wa kulibeba mbele za watu.

— Aliagiza mafaili sitini yabadilishwe majina siku hiyo. Yote.

— Sitini! Kumbe mabovu ni sitini.

Masjala akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayewasikia watoto wakibishana.

— Mnafikiri padogo, akasema. Mimi katika chumba kile nimeona jalada likibadilishwa jina mara saba. Mwanzo lilikuwa la ujenzi wa daraja. Mwisho lilikuwa la kununua viti. Barua za ndani ni zile zile. Nawaambieni, hakuna mtu aliyeandika kitu kipya duniani. Alikuwepo mmoja, zamani, akaandika yote. Wengine wote tunabadilisha majalada.

— Na huyo mmoja, akadakia Hamahama, mpaka leo anapelekewa barua za kusimamishwa kazi.

— Za dunia nzima, akasema Masjala.

— Kwa nini lazima awe mtu? akauliza Bi Birika akikung'uta kikombe. Mashine inakaa macho usiku kucha, haina mtoto, haina mume. Unadhani inafanya nini? Inaandika. Asubuhi inawasingizia ninyi.

Wakacheka. Shemeji hakucheka, alikuwa akikandamiza kidole gumba chake. Mimi namjua tangu akiwa na umri wa kutumwa chumvi. Akikandamiza kidole gumba namna ile ujue kuna neno hajalisema.

— Siku zote hizi ulikuwa unafanya nini? nikamuuliza. Dada yako anasema hulali, huli.

— Nilikuwa naitengeneza ile programu ya kumbukumbu, shemeji. Ninayo hapa historia yote ya ofisi, miaka tisa, kila mmoja wetu anayo nakala yake. Nikasema, ikiwa inakisia, basi niifundishe kukisia kwa akili. Kosa lake ni kulinganisha faili zima na faili zima. Mimi nikalivunja vipande vya mistari michache michache. Kila kipande nikakipa alama yake, kama ya kidole. Halafu nikaiambia, usiulize faili hili linafanana na lipi. Uliza kila kipande kiliwahi kuishi wapi kabla ya hapa. Hata kama kimehamishwa juu chini. Hata kama kimenakiliwa na kule kilikotoka kipo bado.

Hilo na mimi nikalielewa. Mteja huniletea sketi iliyopunguzwa na fundi mwingine, nikiigeuza ndani naona ukanda ni mshono wangu, uliotoka kwenye gauni la miaka mitatu iliyopita. Gauni halipo tena, lakini mshono naujua.

— Ikafanya kazi? akauliza Hamahama.

— Mwanzo iliniaibisha. Kila faili letu lina maneno ya utangulizi yanayofanana, basi ikasema mafaili yote ni ndugu, baba mmoja, mama mmoja. Nikaifundisha isihesabu vipande vilivyo kila mahali. Halafu jana mchana ikanijibu vizuri. Mistari mia nne na kumi, niliyoandika siku ile ni ishirini na mbili tu.

— Na ule mbovu?

— Haumo katika hiyo ishirini na mbili. Haukuandikwa Jumatano ile. Ulikuwemo miaka minne kabla.

Hamahama akainuka akamkumbatia, kahawa ikamwagika gotini kwa Masjala. Bi Birika akasema Mungu mkubwa. Ilichukua muda kidogo kabla hatujaona kwamba mwenye ushindi mwenyewe bado anakandamiza kidole gumba.

Ndipo mwanamke mmoja aliyevaa sare nyeupe akasimama mlangoni pangu. Alikuwa amekuja kuchukua sare yake nyingine, niliyompunguzia mikono. Nikamwambia bado vifungo viwili, aketi anywe kahawa. Akaketi pembeni akiwa na uchovu wa zamu, akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Sasa aliuandika nani? akauliza Masjala, akijifuta goti.

— Kwenye faili la watoto uliwekwa na Mkurugenzi mwenyewe. Enzi hizo bado alikuwa anaandika programu. Ijumaa jioni, haraka haraka, aliunakili kutoka faili la watu wazima.

— Nilisema! Nilisema kuna mkono wa mtu! Hamahama alikuwa anasikika mpaka ng'ambo. Peleka leo! Mbandikie mlangoni!

— Subiri, kaka. Kwenye faili la watu wazima uliandikwa miaka tisa iliyopita. Ulikuwa mstari wa kwanza wa mtu aliyeajiriwa wiki hiyo hiyo.

— Nani?

Shemeji akaitazama laptopu yake, ingawa ilikuwa imefungwa.

— Mimi.

Hamahama, aliyekuwa bado amesimama, akaketi.

— Kule mstari ulikuwa sahihi, akasema Shemeji. Naapa. Kwa watu wazima hauna neno. Lakini nikipeleka ripoti, ya kwanza itakayosomwa ni hiyo. Jina langu, mwanzo kabisa. Nimehangaika siku zote hizi nijitoe kwenye faili, nimejikuta kwenye mzizi.

— Wewe huna kosa, akasema Hamahama, safari hii kwa sauti ya kawaida. Kabati lilikuwa zima. Aliyelihamisha ndiye aliyelisimamisha vibaya.

— Dakika tano zilizopita wahamishaji hawakuwa na kosa, akasema Masjala.

— Wahamishaji wa vyombo! Huyu alihamisha mstari!

— Kisheria, mwandishi ni mwandishi. Nakala inamfuata aliyetia saini ya kwanza.

— Kwa hiyo mimi nikipika kahawa nzuri, akasema Bi Birika, mtu akaenda akamnywesha mtoto wa wiki moja, mtanifunga mimi?

— Inategemea kama kikombe kilikuwa na jina lako.

— Na yule aliyekubali kubadilisha jina bila kusoma ndani? Mistari mia nne imepita mikononi mwako, Shemeji, ukaipanga juu chini, hukuuona?

Hilo aliuliza Hamahama, na nadhani hakukusudia kumchoma. Shemeji aliinamisha kichwa.

— Niliuona, akasema. Niliusogeza. Nilijua ni mzuri. Kumbe nilikuwa nimeuzoea kwa sababu ni wangu.

Tukabishana tena. Masjala akataka makosa yagawanywe kwa tatu, theluthi kwa mwandishi, theluthi kwa mnakili, theluthi kwa mbadilisha jina, na Shemeji achukue theluthi mbili. Hamahama akasema ripoti ianzie Ijumaa ile, ya nyuma ifutwe. Shemeji akasema haiwezi kufutwa, ndiyo maana ya kumbukumbu. Bi Birika akasema basi aandike yote na chini aongeze maneno mawili ya kuomba radhi, asikilizie. Mimi nilishona kifungo kimoja mahali pasipo pake.

— Samahani, akasema yule mwanamke wa sare nyeupe.

Tukageuka.

— Hiyo programu na sisi wauguzi kazini kwetu tunaitumia. Huo mstari, mmesharekebisha?

Nikamtazama Shemeji. Wote tukamtazama.

— Watakuwa wamerekebisha, akasema. Ni neno moja tu la kubadilisha. Mimi nakala yangu ni ya siku niliyotoka, sijui tangu hapo... Lakini lazima.

— Nani amerekebisha?

Shemeji akatoa simu, akampigia mwenzake wa meza ya pili. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Hapana, sizungumzii ripoti. Mstari. Mstari wenyewe." Halafu, "Nani kasema msiguse?" Alipokata simu uso wake ulikuwa wa kijivu.

— Mkurugenzi alifunga faili, akasema. Kama ushahidi. Lisiguswe na mtu mpaka ijulikane aliyeandika.

— Wiki tatu? akauliza Bi Birika.

Shemeji alikuwa amekwishasimama, laptopu kwapani, anateremka mtaani karibu anakimbia kuelekea ofisini walikomkataza kukanyaga. Hamahama alisema atampeleka kwa lori, kisha akaona anachelewa kusema, akainuka akamfuata akitafuta funguo mifukoni.

Yule muuguzi alikuwa ameweka kikombe chini, nusu yake haijanywewa, simu iko sikioni.

— Nani yuko wodi ya watoto? Haya, sikiliza. Kompyuta iacheni. Chukueni karatasi mpige hesabu kwa mkono, kila mtoto, mpaka nije mwenyewe. Na walioandikiwa usiku wote wapitieni upya. Ndiyo, wote. Anza na wale wadogo kabisa.