Jioni za Mwalimu Nikolao

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Nikolao Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Lukuledi, wilaya ya Masasi, akasoma huko shule ya msingi, akamaliza chuo cha ualimu, na Januari 1980 akapangiwa kufundisha Mkunya, Newala, alikodumu hadi alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Bi. Dominika, na tarehe 22 Mei 1986 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Oliva.

Mwaka 1994 alianza kubaki na watoto baada ya masomo, akiwafundisha ngoma, uchoraji na maigizo, na Oliva akawaonea wivu watoto wale kupita kiasi, maana ngoma zilipolia shuleni alijua baba yake anacheka huko, naye angerudi nyumbani kachoka, kicheko kimekwisha. Alimwomba amfundishe peke yake, akajibiwa ajiunge na wenzake, akasusa, darasa lile hakulikanyaga.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Twahiru, mwenye kigugumizi kilichomfanya achekwe, ambaye marehemu alimfundisha kuimba sentensi kabla ya kuzisema, hata akaweza kusimama jukwaani, na leo ni mwalimu mkuu huko Masasi.

Tarehe 9 Januari 2025 marehemu alipata kiharusi, ulimi ukafungika, asiweze kusema. Twahiru alipokuja kumuuguza, Oliva alimzuia mlangoni, akamwambia, “Jioni zake zote mlikuwa naye ninyi. Hizi zilizobaki niachieni mimi.” Twahiru akakaa barazani, akaanza kuimba zile sentensi za zamani, na kutoka ndani mgonjwa akasikika akijaribu kuitikia. Oliva akafungua mlango.

Waliimba hivyo kwa miezi miwili, na neno la kwanza marehemu alilotamka likawa “Twahiru.” Oliva alitoka akaenda kulia jikoni. Jina lake lilikuja wiki mbili baadaye, naye husema angetoa chochote litangulie, lakini pia anajua kwamba bila Twahiru lisingekuja kabisa. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 3 Septemba 2025, akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mkunya waliotuchotea maji muda wote wa ugonjwa, na walimu wenzake. Oliva ameomba shukrani ya mwisho iwe ya Twahiru, na ametuomba tusiseme kwamba wivu umemwisha, kwa sababu haujamwisha.

Mwalimu, umefundisha vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.