Fundi Eufrasia na Spika za Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Musoma, Bunda, Butiama, nanyi mnaosubiri kivuko pale Kisorya, poleni na kazi. Vuta kigoda, dagaa wakiiva waepue, tukae kidogo. Leo tunamkumbuka Fundi Eufrasia Masatu wa Buhare. Amefariki wiki iliyopita, na Jumamosi tumemzika. Alikuwa fundi redio. Mwanamke, na fundi redio. Nyie mliokuwa mkifika kibandani kwake mkamuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" mnajijua.

Eufrasia alizaliwa Majita, kwa wavuvi. Ufundi alifundishwa na bruda mmoja wa misheni aliyechoka kumwona binti akifungua redio ya parokia bila ruhusa. Mume wake, Mzee Renatus, anasimulia: "Mimi nilimpelekea redio atengeneze. Nikarudi, nikarudi tena. Redio ilikuwaga imepona zamani. Mimi ndo nilikuwa bado."

Tuje mwaka 1984. Mnaukumbuka? Sabuni hakuna, sukari hakuna, na betri ukizipata unazificha kuliko mtu anavyoficha shanga za bibi. Mwaka huo kwaya za Musoma, Bunda na Butiama ziliungana kwa tamasha moja, ukumbi wa parokia Manyamanyama, Bunda. Eufrasia alitaka kulirekodi. Alikuwa na redio kaseti ya stirio na maiki mbili, ya kushoto na ya kulia. Betri hana. Akapita nyumba kwa nyumba akiomba betri zilizochoka, akazianika juu ya bati pamoja na dagaa. Mnajua wenyewe, betri ikipata jua inarudisha pumzi kidogo. Siku ya tamasha akaketi chini, kando kabisa ya maiki ya kushoto, akarekodi mpaka mwisho.

Aliyeongoza nyimbo siku hiyo, akiwa amesimama katikati, ni Gati, binti wa Mama Wankyo wa Butiama. Binti alikuwa na sauti, jamani! Baadaye Gati aliolewa na kijana anaitwa Mseti. Ndoa haikufika mbali. Gati alifariki kwa uzazi. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti ile moja tu. Narudia: kaseti ile moja tu. Na Mama Wankyo hakutaka hata kuiona.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaingia, si nguo tu, hata amplifaya na spika kupitia mpakani Sirari. Eufrasia akapata wazo. Alisema stirio inakuacha mlangoni. Yeye alitaka msikilizaji aingie ndani ya ukumbi wenyewe, sauti imzunguke. Wataalamu wanaita saraundi. Mashine ya saraundi hakuwa nayo. Alifunga spika mbili mbele, kama kawaida. Kisha akafunga nyingine nyuma, akaziunga kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiunga hivyo, sauti iliyo sawa pande zote mbili inajifuta, kama kamba inayovutwa na watu wenye nguvu sawa: haiendi popote. Inayobaki nyuma ni ya pembeni. Makofi, vigelegele, mwangwi wa kuta. Ukikaa katikati ya chumba, kwaya iko mbele yako na watu wako mgongoni. Mimi mwenyewe siku moja niligeuka kumtafuta mama aliyekuwa anapiga vigelegele nyuma yangu. Nikaona ukuta. Eufrasia alinicheka sana.

Mwaka 1994 akatangaza: tamasha lile litasikilizwa upya, ukumbini palepale Manyamanyama. Watu wakajaa. Mseti akaja, akapewa kiti cha mbele. Na Mama Wankyo, baada ya miaka yote ile, akasema sasa yuko tayari kumsikia mwanawe. Akaja kutoka Butiama. Lakini kwetu mnajua. Mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Mama alipomwona Mseti mbele, akajifunika kanga, akaenda kukaa nyuma kabisa, chini ya spika.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Eufrasia alikuwa amepima ukumbi wote. Ukwe hakuupima.

Kaseti ikaanza. Mbele watu wanafuta machozi, Gati anaimba. Nyuma, spika iliyo juu ya kichwa cha Mama Wankyo inameza kila kitu. Anasikia makofi. Anasikia mtoto anakohoa. Gati hamsikii. Gati alisimama katikati, na ya katikati ndiyo inayofutwa. Wimbo wa pili, hamsikii. Mama akasimama: "Eufrasia! Mwanangu umempeleka wapi? Mbona watu wote wapo, yeye hayupo?"

Niliumia, wasikilizaji. Ukumbi mzima uliumia. Eufrasia alizima mashine, akamwendea Mseti, akamnong'oneza. Mseti akainuka, ameinamisha kichwa, akatokea mlango wa pembeni. Alisikiliza dirishani, nje, pamoja na mbuzi wa parokia. Mama Wankyo akashikwa mkono, akaketishwa mbele. Kaseti ikarudishwa mwanzo.

Mama Wankyo anasema: "Nilimsikia. Alikuwa karibu, kama ananiuliza nimekula. Sikulia. Nililiaga zamani."

Toka siku hiyo, Fundi Eufrasia hakufunga spika za nyuma bila kuzichanganyia sauti kidogo ya katikati. Mafundi vijana walimwambia anaharibu saraundi. Alikuwa anawajibu, "Nyuma nako kunakaaga watu."

Sasa Jumamosi, msibani Buhare. Mzee Renatus alifunga spika uani mwenyewe, ili ipigwe kaseti ile ya Manyamanyama. Yeye si fundi. Alifunga kwa mtindo wa kwanza, bila kuchanganya. Mama Wankyo alipofika, alipewa kiti cha mbele. Akakataa, akaenda nyuma, chini ya spika. Mseti alikuwa mbele, akainuka haraka aondoke. Mama akatuma neno: "Mwambieni akae. Leo sikuja kwa ajili ya Gati. Mbele huwezi kumsikia Eufrasia, kwaya inamfunika. Huku nyuma yupo. Siku ile nilimsikia, ila nilikuwa namtafuta mwingine."

Mzee Renatus alibeba kiti chake akaenda nyuma. Nasi tukamfuata.

Mzee Renatus, watoto na ukoo wote wa Majita, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji, leo jioni mtazameni nyumbani mwenu aliyekaa pembeni siku zote, muulizeni jambo, mkae kimya ajibu.

Tuliyoyasikia kwenye spika ile ya nyuma ni haya. Makofi. Mtoto anakohoa. Kisha, karibu kabisa na maiki ya kushoto, Eufrasia akiwa bado kijana, anawanong'oneza wanakwaya: "Imbeni tu. Betri bado zipo."

Mzee Renatus anasema zilikuwa zinakwisha.