Toivo Kallinen, Golikipa wa Timu Zote Mbili

Marehemu Toivo Eino Kallinen alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 hapa Brennock, kaskazini ya Ontario, katika nyumba ya kampuni namba 31, Barabara ya Tatu. Alikuwa kifungua mimba wa Eino Kallinen, mwendesha lifti ya mgodi, na mkewe Lempi, waliohamia kutoka Ufini. Miaka mitatu baadaye nilifuata mimi, Aila, ninayewasomea haya. Tulizaliwa wawili tu.

Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa, kisha sekondari hadi mwaka 1961. Hesabu aliziweza, kuimba hakukuweza, na wanakwaya mnaocheka hapo nyuma mnajua nasemea nini. Mapenzi yake yalikuwa hoki ya barafuni. Hatukuwa na vifaa, kwa hiyo alijifunga katalogi za duka miguuni kwa kamba, moja kila mguu, zikawa kinga zake. Kisahani chetu cha kupiga langoni kilikuwa kinyesi cha farasi kilichoganda, na mpigaji nilikuwa mimi. Majira ya baridi ya 1953 mama alitaka kuagiza koti, akafungua katalogi na kukuta ukurasa wa makoti umetoboka na una harufu. "Toivo!" alipiga kelele. "Sasa nitavaa nini, mavi ya farasi?" Koti likanunuliwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1962 aliingia mgodini, na baada ya baba kustaafu akachukua kiti chake kwenye lifti. Kila asubuhi alishusha wanaume mia moja na arobaini chini ya ardhi, na kila jioni akawapandisha. Alifanya kazi hiyo hadi Juni 2001 bila kumwangusha hata mtu mmoja. Mwaka 1963 alijaribu kuingia katika timu yetu ya kulipwa, Wachimbaji wa Brennock, wakamwambia ni mzito wa kuinuka akianguka. Hakununa. Mwaka 1966 walimrudia wakitaka awe golikipa wa akiba wa uwanja, akakubali.

Vijana hamjui kazi hiyo ilikuwa nini. Timu zilisafiri na makipa wachache, na sheria ya ligi yetu ilimtaka mwenyeji awe na mtu mmoja uwanjani, viatu vya barafu vikiwa karibu, ambaye angedakia timu yoyote itakayopungukiwa, ya nyumbani au ya wageni. Malipo yake yalikuwa tiketi mbili na bakuli la supu ya njegere. Kwa miaka saba Toivo alikaa karibu na kibanda cha supu. Aliitwa mara nne, zote upande wetu, kwa hiyo mji mzima ukasahau nusu ya pili ya sheria. Yeye hakuisahau.

Ukaja msimu wa 1972 kuingia 1973, na wenye umri wangu wanajua kwa nini naushushia sauti. Ligi mpya ilikuwa imezuka mijini na ilikuwa inanyakua wachezaji kama mtu anayechuma beri kwenye shamba lisilo na mbwa. Kufikia Krismasi tulikuwa tumepoteza wachezaji saba na kocha. Januari ligi yetu ikatangaza kwamba timu mbili za mwisho zitavunjwa msimu ukiisha. Mume wangu Lucien Gervais alikuwa winga wa kushoto wa Wachimbaji na hakuwa na kazi nyingine. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili, tarehe 18 Machi 1973, dhidi ya Port Adair. Tukishinda, tunabaki sisi, wanavunjwa wao. Tukitoka sare, tunavunjwa. Zikiwa zimebaki dakika nne za kipindi cha pili kati ya vitatu, magoli tatu kwa tatu, kipa wa Port Adair akapasuka goti. Kipa wao wa pili alikuwa ameshakimbilia ligi mpya wiki ile ile. Kocha wao akapanda hadi kwenye kibanda cha supu.

"Nasikia wewe ndiye wa akiba."

"Ndimi."

"Utatudakia? Namaanisha kudaka kweli kweli."

"Nipe jezi, mzee," alisema Toivo. "Maneno mengi yanapoza misuli."

Uwanja ulipomwona akiteleza kwenda kwenye lango la wageni, ulilipuka kwa kicheko. Meneja wetu, Orville Stadnyk, alianza kugawa sigara za ushindi. Watu walikumbatiana: mtu wetu yuko kwenye lango lao, kazi imekwisha! Shuti la kwanza akalizuia, tukapiga makofi, tukidhani anazuga. La pili akalizuia. La tatu alilala chini mzima mzima kulifuata. Makofi yakakatika. Mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Wee Toivo! Umelewa? Lango lako ni lile kule!"

Ninayosema sasa hamjawahi kuyasikia. Mchungaji ameniuliza mara mbili kama nina hakika yachapishwe kwenye kijitabu mlichoshika. Nina hakika. Lucien, na wewe kaa tu utulie.

Wakati wa mapumziko nilishuka hadi kwenye chumba alichokuwa amewekwa peke yake, kwa sababu wageni hawakumwamini na wetu hawakumtaka. Alikuwa anakaza kamba za viatu.

"Kaka," nilimwambia, "moja tu. Moja tu ipite. Nani atajua?"

"Wewe umeshajua."

"Lucien atakosa kazi. Na huyu aliyemo tumboni?"

"Port Adair nao wana wake zao, Aila."

"Hao si dada zako!"

Alifunga fundo la mwisho la kamba. Kisha aliinuka, akanishika kiwiko, akanisogeza mlangoni taratibu. "Rudi ukakae," alisema. "Sakafu hii ina maji, utateleza."

Kipindi cha tatu alizuia mashuti kumi na saba. Zikiwa zimebaki sekunde tisa, Lucien wangu alibaki yeye na lango, hakuna mtu katikati, akapiga juu, kulia. Glavu ya Toivo ikawa imeshafika. Akamkabidhi mwamuzi kisahani kama anayerudisha kitu kilichookotwa. Watu elfu mbili walikuwa uwanjani, na nilisikia mashine za kugandishia barafu zikinguruma.

Aprili timu ilivunjwa. Sisi tulihamia kusini, maili mia mbili, Lucien akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao. Nilikataa kumuaga Toivo, na kwa miaka sita sikumwandikia hata kadi ya Krismasi. Huku nyuma mji ulimkalia vibaya. Jumamosi alipoingia sauna, bafu letu la mvuke, wanaume walivaa wakatoka. Alipotaka mkate wa iliki wa Jumapili, muuzaji alimwambia umekwisha, nao umejaa kabati. Alioga peke yake, akajifunza kuoka mkate wake, na kila asubuhi alipita Barabara Kuu ile ile kwenda kazini, asizunguke. Nami nataka wanaume wa Brennock walikumbuke jambo moja. Mlimkimbia kwenye sauna, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyekataa kushuka kwenye lifti yake.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Noreen Pawluk, mpishi mgeni katika kantini ya mgodi. Nilipomuuliza Noreen alimpendea nini, alisema, "Ndiye pekee aliyekuwa na meza yake mwenyewe. Nilidhani ni bosi." Walijaliwa mabinti wawili, Kaarina na Dale. Mimi na Toivo tulikutana tena Agosti 1979, kwenye mazishi ya mama. Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali njia nzima. Alinisogelea na birika la kahawa.

"Bado sukari tatu?"

"Mbili," nilimwambia. "Nimenenepa."

"Nimeona," alisema, akamimina. Hatukuzungumzia zaidi.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019. Alilazwa mara tano, na kila mara alitoka kwa miguu yake, akikataa kiti cha magurudumu hadi mlangoni. Septemba mwaka huu nilikaa kitandani pake nikamuuliza kitu kilichonikereketa miaka hamsini. Mbona hakumwambia Lucien, wala mtu yeyote, kwamba nilikwenda kumwomba? Mji ulipomtema, angeweza kusema hata dada yake mwenyewe alijaribu. Alivuta pumzi kwa shida. "Uliomba, nikakataa," alisema. "Ungetaka nikutangaze kwa kitu ambacho hakikutokea?" Nililia pale pale mbele ya muuguzi, nami si mtu wa kulia mbele za watu. Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, Noreen akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Noreen, mabinti, Kaarina na Dale, wajukuu watano, shemeji yake Lucien, ambaye miaka yote hii amesisitiza kwamba alipaswa kupiga chini, kushoto, na dada mmoja, Aila, aliyemwomba goli moja akanyimwa. Nilikuwa na kaka ambaye hata mimi sikuweza kumnunua. Nilichelewa mno kumwambia kwamba najivunia yeye, kwa hiyo nawaambia ninyi.

Bwana amlaze kwa amani, na udongo wa Brennock usimlemee.