Nusu Yangu ya Litania

Vuteni viti, wanangu, vyote viwili. Wewe Hakimu, binti yangu, usikae kule dirishani kama abiria anayesubiri basi, sogea mkono wangu ukufikie; na wewe Mgeni acha kusimama mlangoni, mlango huo una bawaba zake, hauhitaji kushikiliwa. Nataka niwaone wote wawili bila kugeuza shingo, maana shingo yenyewe imechoka. Paroko alikuja mchana, akanipaka mafuta, na yangu na yake tumeyamaliza. Yaliyobaki ni yenu, nayo nitayasema mara moja, kwa hiyo sikilizeni na msinikatize, hata nikinyamaza, kwa sababu nitakuwa natafuta pumzi, si maneno.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili, haijagawanywa, na haitagawanywa na mkono wangu. Chuo kikuu walinifundisha kupima ardhi, nami nimeipima hadi nilipostaafu, nikapanda mawe ya mipaka katika mashamba ya watu, na nimewaona ndugu wa tumbo moja wakiinuliana mapanga kwa kipande cha ardhi ambacho ng'ombe mmoja akilala kimekwisha. Sikusoma ili nije nichore mstari katikati ya sebule ya mama yenu. Darubini yangu ya kupimia na miguu yake mitatu ipelekeni chuoni, vijana wajifunzie. Nguo zangu wapeni watakaozivaa, si watakaozitunza kabatini. Deni nililo nalo ni la shukrani: fundi cherehani jirani yetu ndiye aliyenikorogea uji tangu miguu iliponikataa. Msimpe pesa, ataudhika. Nendeni mkakae kwake, mmsikilize anavyowasema wateja wake, hayo ndiyo malipo anayoyapenda.

Na picha ya Moyo Mtakatifu iliyo sebuleni, pamoja na taa yake, isiondoke ukutani mpaka Juni ijayo ipite. Hilo ndilo nililowaitia. Mengine hata mwanasheria angeweza kuwaeleza.

Mnakumbuka Juni za humu ndani. Padre kanisani angerudia vazi lake la kijani la siku za kawaida, Jumapili kwa Jumapili, lakini kwa mama yenu mwezi mzima ulikuwa sikukuu. Mei ikielekea ukingoni alishusha picha, akafuta kioo kwa maji ya siki, akabadilisha utambi, akatandika kitambaa cheupe ambacho mlikatazwa hata kukipumulia. Jioni, sufuria ikiwa bado jikoni, alituita tupige magoti akaanza litania, bila kitabu, kichwani mwake tu. Yeye alisema, "Moyo wa Yesu," akaweka sifa yake, na sisi watatu tukajibu, "Utuhurumie." Sifa nyingine, jibu lile lile. Nami nilikuwa nimetoka juani kutwa, macho yananifunga, na yeye bila kubadilisha sauti hata kidogo akasema, "Moyo wa Yesu, unaomwona huyu baba akisinzia." Nikajibu kwa unyenyekevu wote, "Utuhurumie." Ninyi mkaanguka chini kwa kicheko, na yeye akasubiri mmalize, akaendelea pale pale alipoachia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulijua mpaka mama yenu alipokufa. Juni ya mwaka jana, udongo wa kaburi lake ukiwa bado haujashuka, niliwasha taa, nikapiga magoti, nikafanya ishara ya msalaba, nikafungua kinywa. Hakukuwa na kitu. Maisha yetu yote ya ndoa yeye aliongoza na mimi nilijibu, basi mimi nilijua majibu tu. Mtu aliyewahi kukariri majedwali ya hesabu kurasa kwa kurasa, nusu ya sala ya nyumbani kwake hakuwa nayo. Nikasema, "Utuhurumie." Nikanyamaza kiasi ambacho yeye angetumia kusema sifa inayofuata, kisha nikasema tena, "Utuhurumie." Nikaenda hivyo mpaka magoti yakauma.

Baada ya jioni chache fundi cherehani akanisimamisha uani, pini zake bado mdomoni. "Mzee, kila jua likizama nakusikia unajibu. Nani anakuuliza?" Nikacheka, naye akacheka, halafu akazitoa zile pini mdomoni, akasema, "Samahani, baba. Nilisema kabla sijafikiri."

Nilikwenda kwa katekista akanipa kitabu. Nikasoma sifa, nikajibu mwenyewe, na ilikuwa kama mtu kujipa mkono na kujiuliza habari za nyumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata kazini kwangu ilikuwa hivyo: mmoja anachungulia kwenye darubini, mwenzake anasimama mbali ameshika fimbo iliyoandikwa vipimo, na yule mwenzake asipokuwepo, darubini iwe nzuri namna gani, utaona majani. Nikakirudisha kitabu. Nikaona afadhali nijibu tu, nafasi yake niiache wazi, kuliko kuijaza kwa sauti yangu.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Juni ile mliikumbuka kila mtu kwa upande wake, mkanipigia simu, na Juni hii vile vile. Hakimu, wewe unapiga Jumapili. Unaniuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa, unanifokea kidogo kama unavyowafokea wanafunzi wako wa hisabati, halafu mwishoni kabisa, kana kwamba limekuponyoka, "Na yule, amepiga?" Hutaji jina. Na wewe Mgeni unapiga katikati ya wiki, nyuma yako nyaya za lifti unazozitengeneza zinalia, unaniambia umening'inia ghorofa ya ngapi ili nitishike, halafu unauliza, "Hakimu bado yuko shule ile ile?" Kama vile mwalimu hubadilisha shule kama soksi. Nami namwambia huyu kwamba yule ameuliza, namwambia yule kwamba huyu mzima. Tangu tulipomzika mama yenu hamjasemeshana, na yote mliyojua kila mmoja juu ya mwenziwe yamepita katika koo hili. Koo hili linafungwa, wanangu. Likishafungwa, nani atamwambia Hakimu kwamba ameulizwa?

Usilie, Hakimu mama yangu. Bado sijafika ninapokwenda.

Mgeni, jina hilo alikupa mama yako kwa sababu ulizaliwa kabla ya siku zako, hata nguo za kukupokea zilikuwa hazijashonwa, na alipokuweka kifuani alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lilikuwa jina la furaha. Na wewe Hakimu, siku ya maziko, mbele ya watu, udongo ukiwa mikononi mwetu, ulimwambia, "Leo umefanana na jina lako. Umekuja kula." Nililisikia, na waliokuwa nyuma yangu walilisikia. Mgeni alikung'uta mikono, akaondoka hata kabla ya jioni, nawe ukaona kunyamaza kwake ni ushahidi kwamba ana hatia.

Ijumaa ya juzi, sikukuu yenyewe ya Moyo Mtakatifu, alipopiga nilimwuliza waziwazi, "Mwanangu, kwa nini hukuja mama yako alipokuwa anaugua?" Akasema, "Baba, tiketi ilikuwa mfukoni. Mama alinipigia mwenyewe. Aliniambia, usije, sura yangu imenikimbia, dada yako ameshaiona na inatosha, wewe baki na ile unayoijua. Akaniapisha nisimwambie dada, asije akajiona kabebeshwa peke yake kile ambacho mwingine kafichwa." Ndivyo alivyosema. Kiapo hicho leo nakivunja mimi, si yeye. Nitamwomba mama yenu radhi uso kwa uso, tena karibuni.

Hapana, Hakimu, kaa. Sikukuita kukuhukumu, na wewe Mgeni usidhani umeshinda kesi. Wewe ulibaki na sura nzuri. Dada yako alimgeuza kitandani asubuhi na jioni, alimwosha, alimlisha kwa kijiko chakula kikarudi, akafua mashuka mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na usiku akakaa kwenye kiti hicho hicho alichokalia sasa. Aliyemuuguza mtu hivyo hana maneno ya kuchagua makaburini. Neno lilitoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Sitaki mwombane msamaha hapa kwa ajili yangu, mkapeana mikono kama watu wanaopigwa picha, kisha kila mtu akashika njia yake. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nawaombeni mwezi mmoja tu.

Juni ijayo njooni mkae humu wote wawili. Mgeni, omba likizo yako mapema, lifti zitapanda na kushuka bila wewe. Hakimu, uko karibu, kalale chumba chako cha zamani. Kutwa fanyeni mtakalo, hata mkinuniana, lakini jua likizama mwingie sebuleni. Hakimu ndiye aliyekuwa akipiga magoti karibu na mama, nimemsikia akioga anazitaja sifa zile zote kwa mpangilio wa mama yake, na yeye mwenyewe hajui kama anazitaja. Yeye aongoze. Wewe, Mgeni, unayajua majibu, kama mimi. Hakuna mwenye sala nzima katika nyumba hii. Juni ikiisha, mkitaka kuuza, uzeni, sitawafuata.

Nizikeni kando yake, mkono wake wa kulia, kama tulivyokaa kanisani. Hotuba ziwe fupi. Msiseme nilikuwa mtu wa sala, paroko anajua na atajizuia kucheka.

Inameni. Siwezi kuinua... wekeni vichwa vyenu chini ya mkono, hivyo. Mungu Baba awabariki. Awape kuzeeka na mtu wa kuwajibu. Hakimu, mikono yako iliyomwosha mama yako isikose kazi njema. Mgeni, kila mlango utakaobisha, afunguaye apone.

Leo Juni bado haijaisha. Washeni taa kule, mlango muuache wazi... nitawasikia kutoka hapa. Hakimu, anza. Taratibu. Sauti yako si lazima ifanane na yake.

Ndiyo. Hiyo hiyo.

Mgeni... sijakusikia. Mjibu dada yako.

Kwa sauti, baba.

Ndiyo... endeleeni. Mimi msinisubiri.