Mama Kizamani, Fundi wa Kaunta

Waombolezaji wenzetu, haya ni maisha ya marehemu, yameandikwa na mumewe na yanasomwa na kaka yake mkubwa, nao wawili walikubaliana jana sebuleni, baada ya maneno makali, kwamba yasomwe neno kwa neno au asimame msomaji mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne na wa mwisho wa baba aliyeongoza ishara za treni na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari ya wasichana hadi 1987, ambako alisimamishwa masomo wiki mbili kwa kumwambia mpishi kwamba chai yake ni maji ya moto yaliyosimuliwa habari za majani, na aliporudi hakuomba radhi, kwa sababu chai ilikuwa ile ile.

Alihitimu chuo cha hoteli mwaka 1990, na tarehe 4 Februari 1991 akaajiriwa mapokezi katika hoteli iliyo mkabala na stesheni. Mwaka 1993 fundi wa kaunta ya baa alistaafu, marehemu akaiomba nafasi hiyo, meneja akamwambia kwamba wanawake hupeleka glasi mezani, hawazijazi, naye akajibu, "Nipe wiki moja, nikishindwa nirudishe kwenye funguo." Hakurudishwa, akakaa nyuma ya kaunta ile miaka thelathini.

Ni hapa tulipoombwa turuke. Kaka yake alisema jana, "Shemeji, watu wazito watakuja, andika tu alikuwa mtumishi wa hoteli, inatosha." Haitoshi. Marehemu alichanganya pombe, aliisomea kazi hiyo, aliipenda, ada za watoto wake zilitoka humo, na dawa za mama yake mzazi katika miaka yake ya mwisho zilitoka humo humo, wala siku hizo hakuna ndugu aliyezinusa kwanza kabla ya kuzipokea.

Kinywaji kilichompa jina la Mama Kizamani kilikuwa kile ambacho wateja wake walikiita ya kizamani. Mgeni akikaa kwenye kaunta mara ya kwanza, alimweleza huku akikoroga kwamba zaidi ya karne mbili zilizopita kokteli ilikuwa pombe kali, sukari, maji na matone machungu ya mizizi, basi, kwamba baadaye mafundi wakaanza kuiremba, huyu akatia pombe tamu za matunda, yule akapanga vipande vya nanasi, mpaka wanywaji wa siku nyingi wakachoka, wakawa wanasema nipe ile ya kizamani, na jina likabaki. Yeye aliweka kipande cha sukari ndani ya glasi nzito, akakidondoshea matone machungu na maji kidogo, akakiponda, akatia wiski na bonge moja kubwa la barafu, akakoroga bila haraka mpaka glasi itoke jasho, kisha akakamua ganda la chungwa juu yake, mafuta yakaruka, harufu ikamfikia mteja kabla ya glasi. Aliyeomba kuongezewa soda na cheri aliambiwa, "Mjomba, saladi ya matunda iko mgahawani, ghorofa ya kwanza." Alitaka inywewe polepole, kwa kuwa inaanza kali na kulainika kadiri barafu inavyoyeyuka, na aliyeigugumia, alisema, amelipia safari nzima akashuka kituo cha kwanza.

Kinywaji hicho kiliharibiwa na watu waliokiongezea, na leo kuna watu wanaotaka kumharibu marehemu kwa kumpunguza. Hatukubali.

Alikutana na mumewe, mpima ardhi, Mei 1995, katika mkutano wa siku tatu uliofanyika hotelini hapo. Mume aliagiza soda, akaambiwa, "Kaka, soda hata friji inaweza kukupa," na siku ya mwisho akaagiza ya kizamani, akaigugumia, akakohoa mbele ya kaunta nzima. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, wakajaliwa binti mwaka 1998 na mwana mwaka 2001, wote wako hapa. Kila Jumapili jioni alichanganya glasi mbili, yake na ya mumewe, wakakaa barazani mpaka barafu iishe. Kaka yake, ambaye ofisi yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka hotelini, hakuwahi kuikanyaga baa ile.

Machi 2023 macho yake yaligeuka manjano na ngozi ikaanza kumwasha. Tarehe 27 alimwona daktari, ambaye alimuuliza kazi yake, akaitaja, akaulizwa anakunywa kiasi gani, akasema, "Glasi moja, Jumapili, na mume wangu." Daktari akatabasamu, akasema, "Mama, wote huniambia moja," akaandika pombe, akamwamuru aache, akamwita mgonjwa mwingine. Marehemu akaacha ile moja. Alirudi Mei, akarudi Julai, na mara zote hakupimwa zaidi, aliulizwa tu kama kweli ameacha. Nyumbani nako wageni walikuja kumjulia hali huku wakinong'ona jikoni kwamba kaunta imemla, naye akiwasikia, maana jikoni na chumbani vinatenganishwa na ubao. Jumapili alikaa barazani na glasi ya maji, akaikamulia ganda la chungwa.

Novemba, katika hospitali nyingine, daktari mwingine alimpiga picha ya tumbo kabla ya kumuuliza anafanya kazi gani, akaona uvimbe umeziba njia ya nyongo, nao ulikuwa saratani, wala hakuona alama yoyote ya ini lililoliwa na pombe. Mumewe alimuuliza daktari huyo ingekuwaje kama wangejua Machi. Hakusema kwamba angepona, alisema kwamba Machi kulikuwa na la kufanya.

Marehemu alifariki tarehe 19 Februari 2024, alfajiri, kitandani kwake. Juzi, hapa hapa chini ya turubai, ilisemwa tena kwamba ni pombe. Aliyesema anajijua, na sasa amesikia.

Tunamshukuru daktari wa Novemba na wauguzi wa wodi yake. Daktari wa Machi hatumshukuru. Tunamshukuru jirani wa mlango wa kushoto, aliyeleta uji kila asubuhi bila kuuliza ugonjwa umetoka wapi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kaunta, ambao wamekuja na aproni zao nyeusi za kazi na wameketishwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na tunaomba wainuke waje kukaa mbele na familia, msomaji atanyamaza mpaka wafike.

Tunamshukuru pia msomaji, kaka yake, kwa kufika mstari huu.

Mama Kizamani, fundi wa kaunta, mchanganyaji wa vinywaji, kazi yako imetajwa kwa jina lake mbele ya watu wazito. Lala sasa, upumzike.