Fundi Chirau Ngowa: Miaka Ishirini na Minane Bila Kukata Wimbo

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Chirau Ngowa, fundi mkuu wa mitambo wa Redio Dirisha, anastaafu baada ya kututumikia miaka ishirini na minane na miezi miwili. Katika muda huo redio yetu imebadilisha mameneja sita, mapazia mara tatu na mtambo wa kurushia matangazo mara moja. Fundi hakubadilishwa, na lile shati lake la kaki la Jumatatu, kwa ninavyoona mimi, halikubadilishwa vilevile.

Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, Zakiya Taib, msomaji wa taarifa ya habari, niandike wasifu huu kwa sababu ndimi niliyegombana naye zaidi. Walisema ajuaye ubaya wa mtu ndiye ajuaye na uzuri wake. Methali hiyo sijui wameitoa wapi, lakini nimekubali.

Fundi ni mzaliwa wa Matuga. Ufundi aliuanzia katika kibanda cha kutengeneza redio pale Mwembe Tayari, penye mabasi ya bara, ambapo abiria waliacha redio mbovu wakienda na kuzichukua wakirudi. Siku moja baharia mstaafu wa Kibokoni alimletea gramafoni iliyokufa, pamoja na sanduku la santuri za kuijaribia. Gramafoni ikafufuka. Baharia naye akahamia Lamu kwa bintiye, akatuma salamu kwamba vyote ni vya Fundi, avichukue kwa moyo mkunjufu. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kwani ndani ya sanduku lile hamkuwa na wimbo hata mmoja wa kuchezeka. Zote zilikuwa santuri za makundi ya Waingereza wenye nywele ndefu, ambao wimbo wao mmoja hujaza upande mzima wa santuri. Kwa asiyezijua nyimbo hizi nitaeleza kwa ufupi, jambo ambalo zenyewe haziliwezi. Kinanda huanza peke yake, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Inaingia filimbi. Zinaingia ngoma, zenye mapigo saba pale ambapo mja wa Mungu anangojea manne. Unadhani sasa wimbo umekwisha, kumbe ndiyo kwanza mwimbaji anafungua kinywa. Fundi alikuwa akitujibu kwamba babu zetu wa hapa Mji wa Kale walikaa kitako kusikiliza nyimbo za Kimisri za saa nzima na hakuna aliyekufa. Kundi alilolipenda kuliko yote lina jina la maneno manne ya Kiingereza, na hakuna mtangazaji wetu aliyewahi kulitamka lote, basi Fundi akalibatiza Wazee wa Kinanda.

Alipoajiriwa mwaka 1997, studio ilikuwa hapa hapa ilipo, juu ya duka la kanga la Biashara Street, na mtambo wa kurushia ulikuwa juu ya paa la jengo moja Ganjoni. Mtambo ule ulinunuliwa mkuukuu na ulikuwa na tabia ya kuzira. Haukunyamaza kabisa, sauti ilikwaruza tu, mpaka Fundi aende akauguse mwenyewe. Na Fundi huyo huyo ndiye aliyekuwa kwenye meza ya studio. Wimbo wa dakika tatu haukumfikisha hata mwisho wa barabara. Basi akawa anaweka upande mzima wa Wazee wa Kinanda, dakika ishirini na mbili na nukta arubaini, anateremka ngazi, anapanda baiskeli, anakwenda Ganjoni, anaubembeleza mtambo na kurudi. Alikuwa akiingia studio sindano imebakisha mistari miwili. Hakuchelewa hata siku moja.

Mkewe, Bi Mejumaa, walikuwa wakikaa naye Ganjoni jengo la pili kutoka mtambo. Yeye nyimbo zile hakuzipenda na wala hakuzisikiliza. Ila aligundua jambo. Kinanda kikianza, funika sufuria ya wali upalie makaa. Mwimbaji akiingia, punguza moto wa chini. Wimbo ukikoma, epua. Wali haukuwahi kutoka mbichi wala kuungua. Akamwambia jirani, jirani akamwambia shoga yake, na mpaka leo ukimwuliza mtu wa Ganjoni wali wa nazi unachukua muda gani, atakwambia unachukua kinanda kimoja.

Mimi nilijiunga mwaka 1999, na wiki ya kwanza tu nikapambana naye. Taarifa ya saa saba nilianza kuisoma saa saba na dakika kumi na tisa, kwa sababu Fundi, ingawa alikuwa amerudi mapema, alikataa katakata kuukata wimbo. Nilimwambia kuna serikali inangoja. Akanijibu kwa adabu kwamba serikali itakuwapo kesho pia, na kwamba kuna watu wana vyungu motoni. Mwezi huo alikuwa amepokea barua ya malalamiko kutoka kwa mama mmoja wa Mbaraki aliyekatiwa wimbo na mtangazaji mwengine, akawalisha wakwe zake mchele. Barua hiyo bado imebandikwa ndani ya kabati lake la vifaa.

Siwezi kuacha kisa cha mwaka 2006, ingawa Fundi ameniomba nikiache. Siku hiyo aliweka upande mpya ambao watu hawakuuzoea, wenye kinanda kizito cha dakika sita kabla ya kitu chochote kutokea. Nyote mwajua desturi ya redio zetu: akifa mkubwa, vipindi vinakatika na unawekwa muziki wa huzuni. Biashara Street nzima ikasimama. Wenye maduka wakateremsha milango nusu. Simu zikaanza kulia, watu wanauliza nani ameondoka. Bi Kadzo, mpokea simu wetu, hakuwa na habari ya msiba wowote, akasema lile alilolijua: Fundi ametoka na hajarudi, na tungojee. Yarabi! Kufumba na kufumbua, habari ikawa ni Fundi wa redio aliyefariki. Mzee Ubaid, muuza kahawa wetu, alipanda ngazi na buli lake kuja kukaa matangani. Fundi alirudi na baiskeli yake, akakuta watu wamejaa mlangoni wameinamisha vichwa. Akauliza ni nani. Aliyemjibu hakumwangalia usoni, akasema ni fundi wa hapa juu, masikini. Basi Fundi naye akasema inna lillahi, akavua viatu, akajipanga kwenye foleni ya kutoa pole. Alifika ngazi ya nne ndipo akajikumbuka.

Mwaka 2012 kampuni ilileta mtambo mpya usiozira. Sisi wengine tukashukuru, tukadhani kinanda nacho kimestaafu. Wapi! Fundi aliomba nusu saa ya kila Jumamosi, saa sita mchana, akakiita kipindi chake Upande wa Pili. Sharti lake lilikuwa moja, nalo lilitushangaza. Hakutaka kupiga zile santuri za baharia. Alitaka kupiga albamu mpya tu, lakini za makundi yale yale ya zamani, ambayo sisi tulidhani wenyewe wameshazikwa. Kumbe wangali wapo, wana miaka sabini na kitu, na wangali wanatoa albamu. Fundi alikuwa akiziagiza kwa posta na kuzifungua mezani kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua mtoto mchanga.

Alikuwa na hoja yake, na aliileta kila tulipokaa kunywa chai. Alisema mpiga kinanda wa Wazee wa Kinanda sasa ana baridi yabisi, vidole havimtii, kwa hivyo anapiga noti chache, na kila noti anaifikiria kwanza. Alisema mwimbaji sauti imeshuka, na wimbo wameushusha umfuate, na umekuwa mzuri zaidi huko chini. Alisema mtu wa miaka sabini anayerudia yale aliyoyafanya akiwa na ishirini na tano anajisomea khitma mwenyewe angali hai. Tulimwachia aseme. Mimi, nakiri, nilikuwa nikichovya mahamri na kufikiria mengine.

Mwezi wa Agosti, Bwana Huzaifa, meneja wetu wa vipindi, kijana mwenye adabu na mapenzi makubwa ya takwimu, alitangaza kikaoni kwamba Upande wa Pili kitakwisha siku Fundi atakapostaafu. Mahali pake patawekwa nyimbo za zamani zilizopendwa. Alieleza vizuri tu: mzee akipanda jukwaani, watu wanataka kusikia kile wanachokijua. Ufundi wa mitambo Fundi alikuwa tayari kuuacha, na vijana wawili ameshawafundisha. Lakini kipindi kile ndicho kitu pekee alichokitunga mwenyewe. Siku mbili hakuja kunywa chai nasi. Nilimkuta karakana akifungua plagi moja na kuifunga, akiifungua na kuifunga. Nilirudi mezani kwangu nikiwa na uchungu, na nikashangaa uchungu huo umetoka wapi.

Siku ya tatu alimwendea Bwana Huzaifa na pendekezo. Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba kipindi kiongezewe nusu saa, tupige nyimbo mbili za Wazee wa Kinanda, moja ya ujana wao na moja ya mwaka jana, zote za upande mzima, bila kuwaambia wasikilizaji ipi ni ipi. Wapige simu waseme ipi imewagusa. Wakichagua ya ujana, kipindi kife na yeye hatanung'unika. Bwana Huzaifa alikubali, kwa kuwa takwimu anazipenda.

Siku ilipofika tulijazana wote studio. Wimbo wa kwanza, ule wa ujana, ulianza, na simu zikaanza nao. Bi Kadzo alihesabu ishirini na sita kabla haujafika nusu. Huyu anasema aujua, alioa mwaka uliokuwa ukipigwa. Yule anatuma salamu kwa jamaa zake wote wa Kongowea. Mwengine anauliza kama duka la chini lina kanga za mauwa. Bwana Huzaifa alikuwa akiandika kwa furaha.

Ukaanza wimbo wa pili. Kinanda kikapiga noti moja, kikangoja, kikapiga nyengine. Simu ikanyamaza. Dakika tano, kimya. Dakika kumi, kimya. Bi Kadzo alinyanyua mkono wa simu kuhakikisha haijakatika, akaurudisha taratibu. Fundi alikuwa amesimama karibu na kioo, ameshika bisibisi, na niliona haya kumtazama. Dakika ya kumi na tano Bwana Huzaifa alifunga daftari lake. Hakuwa na ubaya. Alitaka kumpunguzia mzee aibu. Akanyoosha kidole kwenye kitufe, aukate wimbo aweke matangazo ya biashara.

Wallahi sijui ilikuwaje. Mimi Zakiya, niliyetaka nyimbo zile zikatwe miaka ishirini na sita, nilijikuta nimemshika meneja wangu mkono. Nilikuwa nasikiliza. Nilitaka kujua unaishaje.

Ulikwisha kwa noti moja ndogo, basi. Tukasubiri kidogo. Halafu simu zote tatu zikalia kwa pamoja na hazikunyamaza kwa saa nzima. Hakuna aliyepiga wimbo ukiendelea kwa sababu hakuna aliyetaka kupitwa nao. Duka la chini walisema wateja walisimama wameshika kanga zilizokunjuliwa nusu na hakuna aliyeuliza bei. Mzee Ubaid alikuja mwenyewe kuripoti kwamba kahawa imewapoea watu mikononi, jambo asilolikumbuka tangu aanze kazi. Kisha zikaanza simu za Ganjoni. Wali umeungua. Jengo la kwanza, wali umeungua. Jengo la tatu, wali umeungua. Mwimbaji aliingia, na hakuna mwanamke wala mwanamume aliyenyanyuka kupunguza moto.

Simu ya mwisho ilikuwa ya Bi Mejumaa, na aliitaka ipokewe na mumewe. Sote tulimsikia, maana Bi Mejumaa hahitaji simu kusikika. Alimfokea vizuri. Alitaka kujua amewawekea watu nini redioni, yeye amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi na mwiko mkononi mpaka moshi umemfika puani, kitu ambacho hakikumpata tangu aolewe. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama Jumamosi ijayo wimbo ule utapigwa tena, ili apike mapema.

Nusu saa baadaye tuktuk ilileta sahani iliyofunikwa kwa kawa. Ndani yake mlikuwa na ukoko mtupu, mweusi huku, mwekundu kule. Fundi aliutazama kwa muda, machozi yakimtoka waziwazi, kisha akaumega akatugawia. Bwana Huzaifa alikula vipande viwili, akafungua daftari lake, na mbele yetu sote akaandika kwamba Upande wa Pili kinaendelea kila Jumamosi, mtangazaji Chirau Ngowa.

Kwa hiyo Ijumaa hii anayeondoka ni fundi tu. Tunakushukuru, Bwana Chirau, kwa mtambo uliotuhifadhia sauti, kwa vijana uliowafunza, na kwa subira yako na watu wenye haraka, wa kwanza nikiwa mimi. Mungu akupe afya wewe na Bi Mejumaa, akuongezee umri, na akujaalie kazi yako nzuri zaidi iwe bado hujaifanya. Baada ya dua ya kukuaga tutapiga wimbo ule wote, na wapishi wameshaambiwa. Jumamosi, saa sita, tutakusikiliza. Na mimi wali wangu nitakuwa nimeshauepua.